Neno Nililolimeza

Mfasiri mwaminifu haongezi wala hapunguzi. Sentensi hii niliiandika katika daftari langu la mwaka wa kwanza, hapa Gitega, nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mwaka mmoja baadaye niliivunja mbele ya muuguzi, na aliyelipia kosa hilo hakuwa mimi bali shangazi yangu.

Shangazi anakaa Muyinga, karibu na soko, ambako kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akikaanga maandazi na sambusa. Kiswahili chake ni cha biashara: bei, chenji, karibu mteja. Mambo ya moyoni na ya mwilini huyasema kwa Kirundi. Alipogundua uvimbe kwenye titi alikaa nao kimya kwa miezi kadhaa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini methali hujulikana na wengi na kufuatwa na wachache. Ilipothibitishwa kuwa ni saratani, ukoo ulikutana. Mbuzi waliuzwa, kahawa ya msimu ikauzwa, na ikaamuliwa apelekwe Dar es Salaam, ambako tuna jamaa wa kutupokea. Likabaki swali la nani atamsindikiza. Baba alinitazama akasema, "Wewe si ndiye unayesoma Kiswahili?"

Nilijivuna, sikatai. Watu wengi nyumbani walikuwa wakiniuliza Kiswahili kitanilisha nini. Sasa kilikuwa kimepata kazi.

Tulivuka mpaka wa Kobero, tukapita Ngara, Kahama, Singida na Dodoma, zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya basi. Hospitalini, baada ya vipimo, Shangazi aliwekewa dripu ya dawa mbili. Moja ilikuwa nyekundu kama juisi, nayo ni doksorubisini. Ya pili ilikuwa haina rangi, kama maji ya kunywa. Jina lake ni siklofosfamidi. Ile nyekundu ilimtisha. Ile isiyo na rangi hakuitilia maanani, wala mimi.

Dripu ilipokwisha, muuguzi alikuja kutuaga. Alikuwa kijana wa kiume wa rika langu. Alisema mambo matatu, nami nayakumbuka neno kwa neno. La kwanza: mkojo wa leo na kesho unaweza kuwa mwekundu kwa sababu ya ile dawa nyekundu, Mama asiogope. La pili: anywe maji mengi, leo, kesho na keshokutwa. La tatu: asibane mkojo hata kidogo, aende haja ndogo kila baada ya muda mfupi, na hata usiku aamke aende.

La kwanza nililifasiri kwa kuzunguka: ukienda msalani ukaona wekundu, usiwe na hofu. Lilikuwa neno la kumtuliza, kwa hiyo lilitoka kwa urahisi. La pili nililifasiri kwa maneno mawili, kunywa maji. La tatu nililimeza. Kwetu msichana hampangii dada wa baba yake saa za kwenda msalani, tena mbele ya kijana mgeni, na mzee wa watu ameketi kiti cha pili akisikiliza. Muuguzi aliniuliza, "Ameelewa?" Nikajibu, "Ameelewa." Hapo nilidanganya kwa Kiswahili sanifu.

Tulipanda basi alfajiri iliyofuata. Shangazi alikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu, na tulipofika Kahama ilikuwa bado imejaa zaidi ya nusu. Nilipomkumbusha alisema, "Sitaki kumsimamisha dereva kila mara kama mtoto." Sikubishana naye. Nilidhani kunywa maji ni wosia wa kawaida wa hospitali, kama kula matunda na kupumzika.

Tukiwa tumeshafika Muyinga, mkojo ulikuwa mwekundu na ulikuja na maumivu. Tukakumbushana kuwa tuliambiwa tusiogope. Basi hatukuogopa, usiku mzima na nusu ya siku. Neno moja nililolifasiri vizuri na neno moja nililolimeza yakaungana kumuumiza. Yalipoanza kutoka mabonge ya damu, tulimweka kwenye teksi ya baiskeli tukamkimbiza hospitali.

Daktari alisoma karatasi tuliyorudi nayo, kisha akauliza maswali mawili. Alikuwa akinywa maji? Alikuwa akienda haja ndogo mara kwa mara? Shangazi alijibu kwa kutikisa kichwa kwamba hapana. Daktari akauliza kama hatukuelezwa. Shangazi akasema kwa Kirundi, bila kinyongo, "Kuhusu hilo hawakusema kitu." Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nikatazama dirishani.

Alilazwa, akawekewa maji ya mshipani na mrija wa kuosha kibofu, na baada ya siku chache damu ilikata. Tulipokwenda kwa dozi ya pili nilifasiri kila kitu, kwa sauti, hata wagonjwa wengine wakageuka. Tukakaa kwa jamaa yetu siku tatu kabla ya kupanda basi. Shangazi alishangaa kuwa safari hii "wameongeza masharti". Sikumsahihisha.

Muhula uliofuata, katika somo la tafsiri, mhadhiri alitutaka kila mmoja achague matini ya kitaalamu na kuiweka katika Kiswahili. Wenzangu walichagua sheria, kilimo, benki. Mimi nilichagua matini inayoeleza jinsi watafiti wanavyotambua kile ambacho mwili huifanyia dawa mpya ya saratani ambayo bado haijapitishwa. Sikumwambia mtu kwa nini.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina la dawa yenyewe. Niliandika "dawa mgombea", darasa zima likacheka na mmoja akauliza inagombea jimbo gani. Tukakubaliana "dawa tarajiwa". Tatizo la pili lilikuwa kitenzi. Kamusi inatoa "umetaboli", lakini nilihitaji kitendo ambacho mama wa sokoni angekielewa. Niliandika kwamba ini husaga dawa. Mhadhiri alikata neno "husaga" na kuandika pembeni: "Una hakika? Kinachosagwa huwa kidogo kuliko mwanzo. Je, ndivyo ilivyo?" Swali lile lilinilazimisha kusoma kwa wiki tatu, na siklofosfamidi ndiyo iliyonijibu.

Dawa hii ilitengenezwa Ujerumani, katika kampuni ya Asta-Werke, na Norbert Brock na wenzake Herbert Arnold na Friedrich Bourseaux. Mwaka 1958, walipoitangaza, ilikuwa bado dawa tarajiwa, ikiitwa kwa namba tu: B 518. Inatoka katika ukoo wa kemikali za haradali, zile zilizo jamaa wa gesi ya haradali iliyotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kemikali hizo huua seli zinazogawanyika, lakini huumiza mwili mzima. Watengenezaji walitaka kuifunga sumu hiyo isifanye kazi mpaka ifike kwenye uvimbe, kwa kuamini kwamba uvimbe wenyewe una vimeng'enya vya kuifungua.

Ufungaji ulifanikiwa, lakini aliyefungua hakuwa yule waliyemtarajia. Dawa ikiwekwa kwenye chombo pamoja na seli za saratani peke yake, haifanyi lolote la maana. Mfunguaji ni ini. Kwa maneno mengine, kinachoingia kwenye mshipa wa mgonjwa bado si dawa kamili. Ini ndilo linaloikamilisha.

Hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba hata mwanafunzi wa lugha anaweza kuifuata. Molekuli ya siklofosfamidi ina uzito wa 261. Vimeng'enya vya ini, vya familia iitwayo P450, huibandika atomu moja ya oksijeni, yenye uzito wa 16. Inakuwa 277. Molekuli hii mpya si imara. Ikishaingia ndani ya seli hujifungua na kupasuka vipande viwili: kimoja cha 221, kingine cha 56. Jumlisha, utapata 277 ileile. Kile cha 221 ni haradali ya fosforamidi, nayo ndiyo inayozifunga nyuzi za DNA za seli ya saratani zisiweze kugawanyika. Kile cha 56 kinaitwa akrolini. Hakiitibu saratani. Figo hukipeleka kwenye kibofu pamoja na mkojo, na kikikaa humo huunguza ukuta wa kibofu mpaka utoe damu.

Nilipofika hapo niliacha kuandika. Nilikuwa nimepata sababu ya lile jambo la tatu. Maji mengi huizimua akrolini, na kwenda haja ndogo kila mara huitoa kabla haijakaa. Aliyebana mkojo ameikalisha humo. Kwa dozi za kawaida si kila mtu hutoka damu, lakini mwili uliokaukiwa maji ndani ya basi kwa siku mbili haukuwa katika hali ya kawaida. Haukuwa wosia wa matunda na mapumziko. Ilikuwa nusu ya pili ya tiba yenyewe.

Nikagundua pia kwamba hata wenye dawa hawakuijua sababu hii mapema. Damu ya kibofu ilishaonekana kwa wagonjwa kwa miaka mingi kabla ya Brock na wenzake kuonyesha, mwaka 1979, kwamba mkosaji ni akrolini. Walipomjua mkosaji, walipata na wa kumkamata: dawa iitwayo mesna, ambayo hukutana na akrolini ndani ya mkojo na kuifunga. Leo hutolewa hasa pale dozi inapokuwa kubwa. Kwa dozi kama ya Shangazi, wa kumkamata mkosaji ni maji.

Ndiyo maana siku hizi dawa tarajiwa haiachwi ifike kwa watu wengi kabla ya kuulizwa: ukiingia mwilini, utakuwa nani? Matini yangu ilieleza hatua zake. Kwanza dawa huchanganywa na seli za ini, au vipande vidogo vya seli hizo, katika joto la mwili, nyuzi 37. Sampuli huchukuliwa mwanzoni, kisha baada ya dakika kadhaa, kisha tena na tena, na kupitishwa kwenye mashine inayopima uzito wa molekuli. Mtafiti hutafuta tofauti. Uzito ukiongezeka 16, huenda oksijeni imebandikwa. Ukiongezeka 176, huenda ini limeifunga kwa namna ya sukari ili itoke kwa urahisi. Ukipungua, kuna kipande kimekatika, na lazima kitafutwe kilikokwenda. Huu ni ufasiri wa aina yake: matini chanzi inaingia, matini lengwa inatoka, na kazi ni kuonyesha nini kimeongezwa na nini kimepunguzwa.

Kisha ini la binadamu hulinganishwa na la panya, mbwa au nyani. Ikiwa binadamu anatengeneza kitu ambacho wanyama wa majaribio hawakukitengeneza, usalama ulioonekana kwa wanyama hautoshi kuwa ushahidi. Baadaye watu wachache hupewa dawa iliyotiwa alama ya kaboni 14, na kwa siku kadhaa mkojo wao na kinyesi chao hukusanywa na kupimwa, mpaka karibu kila sehemu ya dozi ijulikane ilipoishia. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktabani. Wanasayansi wenye shahada za juu wanaweka mkojo kwenye chupa, wanaandika saa, wanapima ujazo, na hawaoni haya. Mimi nilishindwa kulitamka neno hilo mara moja.

Kuna jambo jingine lililonigusa kama mtu wa eneo hili. Siklofosfamidi ina historia kwetu. Katika miaka ya 1960, huko Mulago, Kampala, Denis Burkitt na wenzake waliwapa dawa hii watoto wenye uvimbe wa taya, ule uliokuja kuitwa kwa jina lake baada ya makala yake ya 1958. Baadhi ya watoto walipona, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra kwa tiba ya dawa peke yake. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilizaliwa kutokana na kazi hiyo. Kwa hiyo maini ya watoto wa Afrika Mashariki yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuifungua dawa hii na kuokoa wenyewe.

Lakini maini hayafanani. Vimeng'enya hurithiwa, na urithi hutofautiana kutoka mtu hadi mtu na kutoka jamii hadi jamii. Mwaka 1996, utafiti ulioongozwa na Eleni Aklillu ulionyesha kwamba Waethiopia 29 kati ya 100 wana nakala za ziada za jeni la kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, hivyo hugeuza baadhi ya dawa kwa kasi kubwa mno. Mwaka 1999, utafiti mwingine uliwakuta Watanzania wakiwa na uwezo uliopungua wa kimeng'enya kilekile. Hao ni majirani wa kanda moja, wenye majibu mawili tofauti. Kimeng'enya hicho hakiihusu siklofosfamidi, lakini kinaihusu tamoksifeni, dawa nyingine ya saratani ya titi, ambayo nayo hupata nguvu kamili ikishageuzwa na ini. Ikiwa dawa tarajiwa imejaribiwa kwa maini ya watu wa mbali tu, tunapewa tafsiri iliyofanywa kwa lahaja ya wengine.

Nikarudi kwa mhadhiri na kitenzi changu. Ini halisagi. Wakati mwingine hupunguza, wakati mwingine huongeza, wakati mwingine hutoa dawa na sumu kutoka mfuko mmoja. Niliandika "hugeuza". Akaweka alama ya vyema, kisha akaniuliza kwa nini nimechagua mada ngumu hivi. Nilimwambia ni bahati tu. Nilipotoka ofisini kwake niliona nimedanganya tena, na safari hii hapakuwa hata na aibu ya mkojo ya kusingizia.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la kwenda Muyinga kupitia Karuzi. Shangazi alikuwa amekwisha maliza dozi zake, nywele zimeanza kurudi, na amerudi kwenye karai lake la mafuta, ingawa kwa saa chache. Nilikaa kwenye kigoda kando yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kitaalamu kwa Kirundi, yote yakanitoka. Kilichonisaidia ni jiko lenyewe. Mafuta yalikuwa yamepata moto kupita kiasi, yakaanza kutoa ule moshi mkali unaochoma macho na koo.

Nikamwambia, "Shangazi, ile dawa isiyo na rangi, ini likishaigeuza, hutoa kitu ambacho kimo ndani ya moshi huu. Ni kilekile. Kinaitwa akrolini. Kinashuka kwenye kibofu. Ndiyo maana maji, na ndiyo maana hutakiwi kubana."

Hilo si mfano wa kubuni ili nieleweke. Mafuta ya kupikia yakiungua hutoa akrolini kweli, na ndiyo inayofanya macho yatoe machozi.

Alitoa karai motoni kwa kitambaa, akaliweka chini, akanitazama. "Na hili walilisema siku ya kwanza?"

"Walilisema. Mimi ndiye sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Alikaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko barabara ya Dodoma. Kisha akasema, "Nimezaa watoto saba. Mmoja nilimzaa njiani, watu wakipita. Wewe ulidhani mimi nitaona haya kwa mkojo?" Akageuza maandazi yaliyobaki kwenye sinia. "Niliteseka, mwanangu. Nilidhani nakufa, nikadhani dawa imekosewa. Ungesema."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba aseme. Alinipa maandazi manne kwenye karatasi niondoke nayo, na aliponisindikiza barabarani aliniuliza kama akrolini ni neno la Kiswahili. Nikamwambia ni la kukopa. Akalitamka mara mbili, akasema si gumu.

Tangu hapo nimeanza daftari jingine. Ukurasa wa kushoto una maneno ya hospitali kwa Kiswahili: ini, figo, kibofu, haja ndogo, kubana, dripu, kichefuchefu. Ukurasa wa kulia una Kirundi chake, na pale ambapo kuna neno la adabu na neno la wazi, naandika yote mawili. Shangazi ndiye anayenisahihisha kwa simu, na mara nyingine anacheka jinsi ninavyoyaandika maneno ya wazi kwa herufi ndogo. Bado anakwenda kupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Kila tukijiandaa kwa safari, yeye mwenyewe hununua chupa za maji, tatu, na kabla basi halijaondoka humwendea dereva na kumwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba leo atasimama sana njiani.